Mkono wa fistula unapokuwa wa baridi: puto, kubana au kisu?

Kuna mzee anakuja kwetu kusafishwa damu kwa mashine (dayalisisi) Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, zamu ya kwanza ile ya saa kumi na mbili asubuhi, anatoka Mbagala kwahiyo saa kumi alfajiri yuko macho. Mwezi wa pili, joto la Dar mnalijua, feni zinazunguka lakini zinapuliza mvuke tu, huyu mzee anavaa soksi mkononi. Soksi nyeusi ya shule, mkono wa kushoto peke yake, ule wenye fistula. Wenzake wanamtania eti leo umeamka gizani ukakosea pa kuvaa, na yeye anacheka nao. Siku moja nikaivua mwenyewe, nikakuta vidole vimepauka kama vimetoka kwenye friji, na pembeni ya kucha ya kidole cha kati kuna kidonda kidogo kama punje ya mchele, kikavu, cheusi.

Kijana wake ndo aliyeniuliza. Hospitali ya kwanza waliambiwa fistula ifungwe mzee arudi kwenye mpira wa shingoni, ule mrija wa kuunganishia mashine, ya pili wakaambiwa kuna puto la kufungulia mshipa kwa ndani, hakatwi popote, anarudi nyumbani siku hiyohiyo. "Sasa sista tuchague ipi?" Swali hili nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeona niliandike. Mi ni nesi wa dayalisisi, siyo daktari wa mishipa, ila nakaa na hii mikono masaa manne manne mara tatu kwa wiki na naona nani karudi vipi.

Kwanza neno lenyewe. Ukisema fistula hapa mjini watu wanafikiria hospitali ya CCBRT na kina mama waliopata shida wakati wa kujifungua, nimeshaona mama mkwe wa mgonjwa anamnong'oneza mwenzake "kumbe na wanaume wanapata?" Hii ni nyingine kabisa. Ni mshipa wa ateri, unaoleta damu kutoka kwenye moyo, unaunganishwa na mshipa wa vena, unaoirudisha, pale mkononi ili vena inenepe iweze kuchomwa sindano mbili nene kila zamu bila kuchoka, ilianzia New York, ikatangazwa mwaka 1966, na mpaka leo bado ndo njia inayodumu kuliko zote. Ukiweka kidole juu yake unasikia inanguruma kama paka amelala.

Sasa shida inakotoka. Chukulia bomba la mtaa, wewe uko mwisho wa laini, jirani katikati amefunga pampu. Maji yote yanaenda kwake, kwako bomba linakohoa. Mkono ukiwa umepumzika unahitaji damu kidogo tu, mililita 50 mpaka 100 hivi kwa dakika, ila fistula nzuri inavuta 600 kwenda juu na zile za kwenye kiwiko zinafika lita nzima na kupita. Kwa watu wengi haina neno, mishipa inatanuka na mkono unapata riziki yake. Kwa wachache mkono unaibiwa damu, na madaktari nao wanaiita hivohivo, wizi. Fistula ya kiwiko inaiba zaidi ya ile ya kwenye kifundo cha mkono, na wenye sukari, wazee, wanawake na wavuta sigara ndo wanaongoza.

Ila ona hapa, maana uchaguzi wote umekaa hapa: bomba lako kukauka kuna sababu tatu tofauti. Inawezekana jirani pampu yake ni kubwa mno. Inawezekana laini kuu huko juu imeziba, yaani hata bila jirani maji yangekuja kwa shida. Au kibomba kinachoingia kwako ndo kimeota kutu, na hii ndo hadithi ya watu wa sukari wa muda mrefu, mishipa midogo ya kiganjani imejaa chokaa. Dalili ni moja, baridi na ganzi na maumivu, lakini dawa ya hii siyo dawa ya ile. Kwahiyo mtu akikwambia "puto ni bora kuliko kisu" au "kisu ndo mwisho wa matatizo" kabla hajajua ni ipi kati ya hizo tatu, huyo anauza alichonacho dukani.

Kipimo cha kwanza hakina hata gharama. Daktari anaweka kidole kwenye fistula anaibana kabisa sekunde kadhaa huku anashika mpigo wa damu kwenye kifundo, mkono ukipata joto na mpigo ukarudi basi ni fistula inayoiba. Mpigo usiporudi hata fistula ikibanwa, kuna kitu kimeziba mahali. Baada ya hapo altrasaundi ya Dopla, ile inayoonyesha damu inavyotembea, ipime na mwendo wa damu kwa dakika, namba hiyo iombeni iandikwe kwenye karatasi. Halafu picha ya mishipa kwa dawa ya rangi, na hii ianzie juu kabisa kifuani ateri inapotokea mpaka kwenye vidole, siyo waanzie kiwiko, nitawaambia kwa nini kwa huyu mzee.

Haya tuyaweke sasa bega kwa bega.

Ateri ikiwa imebana huko juu, begani au kwenye mkono kabla ya kufika fistula, hapa puto linashinda na sijaona wa kubishana naye. Linaingia kwa tundu la kama milimita 2, kwenye paja au kifundo au hata kupitia fistula yenyewe, ganzi ya pale pale tu, mgonjwa anaongea na daktari mwanzo mwisho. Waya mwembamba unapita kwanza palipobana, puto linafuata juu ya waya, linajazwa, linasukuma uchafu pembeni, linatolewa. Pakigoma kufunguka au pakirudi kujifunga hapohapo wanaweka stenti, kibomba cha nyaya kinachobaki ndani kushikilia mshipa wazi. Mshindani wake kwa upande wa kisu ni kuvusha mshipa mwingine pembeni ya palipoziba, na kama palipoziba ni chini ya mfupa wa bega hiyo ni opresheni ya kwenye shingo na nusu kaputi, kwa mtu ambaye moyo wake umeshachoshwa na maji na presha. Kesho yake baada ya puto unakuja kwenye mashine kama kawaida, fistula ileile, sindano zilezile.

Ubaya wake? Panarudi kubana. Siyo kwa kila mtu lakini kwa wengi, kwahiyo ukilipa usifikirie umemaliza, hesabu uwezekano wa kurudi mara ya pili ndani ya mwaka. Pia ateri inaweza kuchanika, au kipande cha damu iliyoganda kikasafiri kwenda vidoleni, haitokei mara nyingi ila ikitokea lazima awepo wa kushika kisu jengo hilohilo. Hilo mi naliona ni muhimu kuliko bei. Na kama mzee bado anakojoa hata kikombe kimoja kwa siku, semeni, dawa ya rangi inaweza kuumaliza huo mkojo uliobaki, wataipunguza.

(Hii kazi ya kufungua ateri bila kupasua ina miaka mingi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1964 huko Portland, Marekani, bibi wa miaka 82 alikuwa na kidonda cha mguu kinachooza, madaktari wanataka kukata na bibi amegoma. Charles Dotter akamfungulia mshipa kwa mirija tu, kabla hata puto halijaja. Bibi alikufa baadaye na miguu yake yote miwili. Nikikutana na wagonjwa wagomvi huwa namkumbuka.)

Pampu ya jirani ikiwa kubwa mno, yaani fistula inapitisha lita moja na nusu, mbili kwa dakika, na mara nyingi mgonjwa pia anahema akipanda ngazi kwa sababu moyo unasukuma damu ya bure, hapa puto la kufungua siyo dawa, unataka kubana. Kubana kwa zamani daktari anapasua, anafunga kamba au kitambaa kuzunguka mshipa akikadiria kwa jicho na kidole, na hapo ndo palikuwa na balaa, akibana kidogo wizi unaendelea, akibana sana fistula inaganda usiku huohuo. Njia mpya Wamarekani wanaiita MILLER, wanaingiza puto la milimita 4 au 5 ndani ya fistula, wanalijaza, afu kwa mkato wa sentimita moja au mbili wanafunga uzi nje ya mshipa mpaka ushike puto, puto linatolewa na tundu linabaki kipimo hichohicho. Puto hapa ni rula tu. Naipenda hii kwa sababu ni nusu kwa nusu, kisu kidogo na puto, ganzi ya kawaida, na sindano zinaendelea bila kusubiri. Ila inataka mtu aliyeizoea, na ni ya fistula yenye mwendo mkubwa. Ukiibana fistula ambayo tayari inapitisha 500, umeiua.

Na hapo ndo kisu kikubwa kinapopata heshima yake. Mkono unaibiwa, fistula mwendo wake wa kawaida tu, huko juu hakujaziba, vidonda vimeanza. Puto halina pa kuingia. Kuna opresheni inaitwa DRIL, ilitolewa mwaka 1988 na daktari Schanzer wa New York, wanachukua mshipa wa mguuni, wanaupandikiza uanzie juu kabisa ya fistula upite uende chini mkononi, halafu wanafunga ateri kipande cha katikati ili damu ya mkono isirudi nyuma kwenye fistula. Yaani wewe umevutiwa laini yako binafsi kabla ya kwa jirani. Fistula inabaki na mkono unapona, matokeo yake kwa miaka yote hii yamekuwa mazuri. Lakini ni masaa, ni vidonda viwili, mguuni na mkononi, na kwa wenye sukari kidonda cha mguuni peke yake ni kesi nyingine. Na mkono wako kuanzia siku hiyo unaishi kwa mshipa wa kupandikiza. Zipo na ndugu zake, kuhamisha chanzo cha fistula kipande juu au kushusha chini, daktari wa mishipa atachagua kutokana na mishipa aliyoikuta, sitazama huko.

Fistula za kwenye kifundo zina kituko chao. Kiganjani ateri mbili zimeungana kama duara, basi fistula inaweza kunyonya damu kwa kuizungusha, inashuka na ateri ya upande wa kidole kidogo, inazunguka kiganja, inapanda upande wa dole gumba inaingia kwenye fistula. Dawa ni kuziba hicho kipande cha dole gumba chini ya fistula, ilimradi ateri ya pili ni nzima na imepimwa. Wanaweza kuziba kwa koili, kanyaya kadogo kanasukumwa ndani kwa mrija kanajikunja damu inaganda pale. Au mkato mdogo kwenye ngozi, uzi, kwisha. Mi nikiulizwa hapa nasema mkato. Ateri iko juujuu pale, ganzi moja, uzi ni bei ya uzi, koili inataka kathilabu, kile chumba chenye mashine ya kupiga picha za mishipa, na koili zenyewe ni hela. Siyo kila tundu dogo ni rahisi kuliko mkato.

Kuna na uvimbe unaodunda, huu unatokea sindano ikipitiliza ikatoboa ateri, au kuchoma palepale kila siku mpaka ukuta unachoka, hapa manesi tuna dhambi yetu na naikubali. Sehemu moja niliyofanya kazi zamani tulikuwa na mama mmoja tunamchoma tundu moja miezi na miezi kwa sababu "hapo haumii", mpaka likatokea jipu linalopiga kama moyo. Mdogo wenye shingo nyembamba na umetoka kwenye ateri, unaweza kuchomwa dawa inaitwa thrombini kwa kuongozwa na altrasaundi, damu ya ndani inaganda dakika chache tu, ila shingo ikiwa pana hiyo dawa inaweza kumwagikia kwenye ateri ikaenda kugandisha mkono mzima, hapo hapana. Au stenti iliyovikwa kitambaa, inapita ndani na kuacha uvimbe nje. Ni haraka, lakini ikikaa eneo la kuchoma sindano umejipunguzia uwanja, na sindano na stenti siyo marafiki. Kama kuna usaha, homa, ngozi imekuwa nyembamba inang'aa au ina kigaga, usikubali stenti kwenye uchafu, hiyo ni ya kisu na ni ya leo. Ikipasuka nyumbani kabla hamjafika, bonyeza kwa kidole palepale kwenye tundu, nguvu, mkono juu. Msirundike mataulo, taulo linakunywa damu na hamuoni inavyotoka.

Na kufunga kabisa fistula, ile ya hospitali ya kwanza. Watu wanaiona ni kushindwa lakini sikubali. Ni opresheni fupi, rahisi kuliko zote, mkono unapona karibu kwa uhakika kama sababu ilikuwa wizi. Bei yake inakuja baadaye, unarudi kwenye mpira, na mpira ndo mlango wa homa za baridi kali kwenye mashine na kulazwa, halafu unaanza kutafuta mkono mwingine. Kwa mtu ambaye fistula yake imechukua miezi kukomaa hiyo ni hasara. Lakini kwa bibi mwenye moyo dhaifu, vidole vinakufa na hakuna mishipa ya kupandikiza, mi ningefunga bila kujadili.

Ipo moja isiyo na mjadala kabisa. Umetoka kufanyiwa fistula ya kiwiko, masaa yaleyale au usiku wake mkono unawaka moto, vidole havikunjuki, lakini mkono una joto na mpigo upo kwahiyo kila mtu anakwambia ni maumivu ya mshono, kunywa panadol. Hasa kama una sukari. Hiyo ni mishipa ya fahamu inakufa kwa kukosa damu, fistula inafungwa mara moja, siyo kesho, puto halihusiki wala vipimo vya wiki ijayo. Ukichelewa mkono unabaki umekunjika.

Kwa wengine wote, haraka inategemea hatua. Baridi na weupe bila maumivu, fuatilia tu, glavu au soksi ni sawa, ila chupa ya maji ya moto hapana, mkono wenye ganzi unaungua bila mwenyewe kujua. Maumivu yakija ukiwa kwenye mashine au ukifanya kazi, pima. Maumivu umekaa tu au usiku yanakuamsha, au kidonda, usimalize mwezi.

Hapa Dar ukweli ni kwamba chaguo linabanwa pia na nani yupo wapi. Kathilabu nyingi ni za moyo, ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ndo inajulikana zaidi, na pale Muhimbili tiba radiolojia, yaani kutibu kwa mirija na waya huku wakiongozwa na picha, imekua tangu timu za mafunzo zilipoanza kuja mwaka 2018, sasa chuo kinafundisha wataalamu wake. Ukienda na rufaa uliza mambo kwa lugha ya kawaida. Umefanya ngapi za mkono wa dayalisisi, siyo za moyo? Ikigoma nani atapasua? Kesho nachomwa sindano wapi? Bima inalipa puto lenyewe au chumba tu, maana mtu anaweza kuambiwa bima ipo halafu akafika dirishani akapewa karatasi ya kwenda kununua vifaa. Hii ya mwisho ulizeni mapema, kwa maandishi.

Turudi kwa mzee. Kubana fistula kwa kidole, mpigo haukurudi. Altrasaundi ikasema mwendo mililita 480, kwahiyo fistula yenyewe ilikuwa na njaa, siyo pampu kubwa. Daktari akaomba apimwe presha mikono yote miwili, mara moja tu, taratibu. Kulia 150, kushoto 95. Mi nilikaa chini. Maana sisi tumefundishwa mkono wa fistula haupimwi presha, damu haitolewi, hata saa haivaliwi, na ni sahihi, lakini maana yake miaka mitatu hakuna aliyewahi kujua kwamba ateri ya bega la kushoto ilikuwa imebana karibu yote. Wangefunga fistula vidole vingepata nafuu kidogo tu, na mzee angebaki na mpira shingoni na bega lililoziba. Picha ikathibitisha, puto likapita, stenti moja, alasiri akawa anakula chipsi kavu wodini na kijana wake anamkataza chumvi.

Kidonda kilichukua wiki sita kupona. Mwezi wa kumi na moja vidole vikaanza tena kupauka, wakampima mapema safari hii, puto la pili, nusu saa. Alhamisi iliyopita wakati namfunga bandeji nikamuuliza ile soksi iko wapi. Akaitoa mfuko wa shati, imekunjwa vizuri, imefuliwa.

"Ya akiba hiyo mwanangu," akasema, akairudisha.